Vizibo Vitatu na Uzi Mwekundu

Selestini alipokuja nyumbani kwangu Rosettenville, hapa Johannesburg, kuniomba nisimame kwenye duara la bendi nikiwa bubu, nilitakiwa kusema hapana. Ni neno la silabi tatu, hata mtoto analiweza, lakini mimi mzee wa miaka sitini na tisa, niliyefika kidato cha nne na kulinda mageti ya watu wa mji huu miaka ishirini bila kuibiwa hata ndoo, nilisema ndiyo. Tena nilisema nikitabasamu. Mtacheka, na chekeni tu, hata mimi huwa nacheka ninapoanza kuisimulia habari hii, ila sijawahi kuimaliza nikiwa bado nacheka.

Kwanza niwaeleze hiyo ala, maana wengi mnanijua kwa koti la ulinzi tu. Paipu ni ule mfuko wa ngozi unaobanwa kwapani: unapuliza kwa bomba la mdomoni, mfuko unajaa, mabomba matatu yaliyoegemea begani yanavuma sauti ileile bila kupumzika, na chini kuna filimbi ya vidole, ambayo ndiyo inayoimba. Ndani ya filimbi hiyo kuna utete, ulimi mdogo wa mwanzi, na bila utete huo una mfuko tu, afadhali ubebee viazi. Nilijifunza ujanani kwenye bendi ya askari kule Tabora, nikaja nayo Johannesburg kichwani (ala yenyewe niliiacha, ilikuwa ya serikali), na baada ya miaka mingi ya kupiga mluzi kwenye vibanda vya ulinzi nikapata bendi ndogo kwenye mtaa wa Observatory, ya watu wa kila namna, Wazulu, Warundi, Wareno wawili, wanaokutana kila Jumamosi nyuma ya kanisa, wanavaa zile sketi za Kiskoti zenye mistari (usithubutu kuziita sketi mbele ya kiongozi wetu, atakufukuza) na kwenda kushindana na bendi nyingine mbele ya waamuzi. Kiongozi huyo jina lake Sipho, dereva wa basi la shule, lakini sote tulimwita Meja, kwa sababu ndivyo anavyoitwa kiongozi wa bendi ya paipu, na Meja huvaa mkanda mpana wa kijani unaopita begani hadi kiunoni. Huo mkanda niliutamani miaka kumi na sita.

Selestini nilimleta mimi, miaka tisa iliyopita. Ni fundi cherehani, Mkongo wa Uvira, ana kibanda chake mtaa wa tatu kutoka kwangu, nami nilimpelekea sketi yangu aipunguze kiuno, akaona filimbi ya mazoezi inachungulia mfukoni mwangu, akauliza, "Hii kitu inalia namna gani?" Nikampigia pale pale kati ya magauni ya harusi. Kuanzia hapo kila Jumapili baada ya ibada alikuja kibarazani kwangu, miaka miwili mizima, nikamfundisha kuanzia namna ya kushika. Akawa ananiita Mwalimu. Akanipa na shikamoo (kwao si desturi sana, aliijifunza kwangu, akaishika kama sala). Na mimi, niseme ukweli, nilijiona mtu mkubwa sana Rosettenville nzima.

Tatizo ni kwamba alijua kuliko nilivyokusudia ajue. Vidole vyake ni vya mtu aliyeshona vifungo miaka thelathini, havikosei. Siku moja mke wangu Salome alikuwa anaanika nguo, Selestini anapiga, akasimama na shati mkononi akasema, "Jamani huyu akipiga hata nguo kwenye kamba zinatulia."

"Na mimi nikipiga?" nikauliza.

"Wewe ukipiga huwa nazianua, nadhani kunakuja mvua."

Nilicheka. Usiku sikucheka. Maana ni kweli kifua changu kilikuwa kimeanza kuchoka, pumzi ikawa inapanda na kushuka, na pumzi ya paipu ikiyumba sauti nayo inayumba kama mlevi kwenye ngazi. Nilisingizia hewa kavu ya Jo'burg, kwamba inakausha utete wangu. Meja Sipho akaniuliza mbele ya watu (madala ndiyo mzee kwa lugha ya huku), "Madala, na wenzako wao wanapuliza hewa ya wapi?"

Basi mwaka huo Meja akatangaza kwamba magoti yake yamechoka, mashindano yanayokuja ni ya mwisho kwake, na kwamba siku hiyo ataongoza Selestini. Tukiingia katika tatu bora, mkanda wa kijani utakuwa wa Selestini. Tusipoingia, kamati italeta Meja kutoka bendi nyingine. Nilipiga makofi kuliko wote. (Mtu mwenye wivu hupiga makofi kwa nguvu sana, siku nyingine mtazameni.)

Siku nne kabla ya mashindano ndipo akaja.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu chai."

Hakukaa. "Mwalimu, niko na shida. Kanuni inataka watu sita wa paipu. Mwenzetu amevunjika kidole, tuko watano."

"Na mimi sihesabiki?"

Akatazama viatu vyake. "Unahesabika. Ndiyo sababu nimekuja. Lakini, pardon, Mwalimu, usikasirike… ninaomba usimame na sisi, nikuzibe."

Kuziba ni desturi ya zamani kwenye bendi hizi, haizungumzwi mbele ya waamuzi lakini kila mtu anaijua. Mtu akiwa mgonjwa, au bado mwanagenzi, anawekewa vizibo vya mpira juu ya yale mabomba matatu, utete wake unafungwa uzi usipitishe pumzi, kisha anasimama na wenzake, anapuliza mashavu, anachezesha vidole, anatimiza idadi na hamdhuru mtu. Nimeshawaziba wengi. Selestini mwenyewe, mashindano yake ya kwanza, nilimziba mimi, na alisimama pale bubu ana furaha kama bwana harusi. Kwa hiyo hakuniletea tusi lolote. Aliniletea kitu nilichomfundisha.

Ningesema, "Hapana, mwanangu, tafuta mwingine, mimi nitabeba maji," angeelewa, na Pretoria kulikuwa na mpiga paipu angeweza kumwazima. Nilisema ndiyo. Na wakati neno linatoka mdomoni, moyoni nilikuwa tayari nimeshavitoa vile vizibo.

Akatoa uzi mwekundu mfukoni, akauzungusha kwenye utete wangu mara tatu, akafunga fundo dogo zuri. "Huu ni wa kushonea magodoro, Mwalimu," akasema, "hata ng'ombe hakati." Vizibo akavikandamiza kwa kidole gumba. Kisha akanishukuru kwa mikono miwili.

Asubuhi ya mashindano tulifika kwenye uwanja wa shule moja kaskazini ya mji, bendi zimejaa kila kona, kila moja inanguruma kivyake, kelele utadhani mnada wa ng'ombe. Selestini alikuwa ametushonea vizibao vipya sote, na alikuwa anapita na kile kifaa chake kidogo cha kupimia sauti, analinganisha mabomba ya kila mmoja, anasogeza hili juu kidogo, lile chini kidogo, mpaka watu wakasikika mmoja. Kwangu akapita, akanigusa bega, akaendelea. Ni haki yake, nani anamlinganisha bubu? Lakini mimi sikuona haki, niliona mgongo wake. Na Meja akavua ule mkanda wa kijani akampa auvae kwa siku hiyo, na mke wangu mwenyewe wa ndoa, Salome, aliyekuja na beseni la chapati, akasogea kumfunga vizuri kiunoni, akarudi nyuma kumtazama.

"Shemeji, umekaa kimeja kabisa!"

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe pandisha soksi."

Nikasema naenda msalani. Vilikuwa vile vyoo vya plastiki vya kukodi, na kama hujawahi kuingia kwenye choo cha plastiki ukiwa umevaa sketi ya sufu na umebeba paipu yenye mabomba matatu, basi umshukuru Mungu, maana huwezi kugeuka, ukigeuka bomba moja linafungua mlango. Nikachomoa filimbi, nikatafuta namna ya kukata ule uzi. Kuung'ata siwezi, meno ya mbele ni ya kubandika. Nikakumbuka kikata kucha kwenye funguo zangu. Ka! Ukakatika. Kizibo cha kwanza kikatoka, cha pili kikatoka, cha tatu, cha lile bomba refu la besi, kikagoma. Nikakizungusha, kikaja nusu, na hapo hapo mtu akagonga mlango. Nikajaribu pumzi kidogo tu kuona kama utete bado mzima. Utete uliobanwa siku nne haukuwa mzima, ulipiga yowe kama paka aliyekanyagwa mkia.

Nje foleni ikanyamaza.

"Madala," mtu akauliza taratibu, "uko sharp humo ndani?"

Nikatoka nimeinamisha kichwa, nimeshika tumbo, waone ni ugonjwa. Kizibo cha tatu nikakiacha vilevile, nusu ndani nusu nje. Nikajiambia besi ikinyamaza si neno, watasikia filimbi yangu, watasikia ni nani aliyemfundisha nani.

Tukaitwa. Bendi inaingia kwa mguu, ngoma zinapiga mara mbili, kisha wote mnaanza pamoja kama mtu mmoja, mnatembea mpaka katikati, mnageuka kuwa duara, na waamuzi wanazunguka nje ya duara na karatasi zao. Tukaanza. Na mimi nikaanza. Sasa nataka mnielewe: yale mabomba yangu hayakuwa yamelinganishwa na mtu yeyote tangu Jumamosi iliyopita, na utete wangu ulikuwa umepinda, kwa hiyo wakati wenzangu watano wanaimba kama kwaya, mimi nilikuwa kama jirani wa kwaya aliyefiwa. Lakini wivu ni kitu cha ajabu, unaziba masikio kuliko kizibo chochote. Niliona watu wa pembeni wananitazama, nikadhani wamenitambua. Nikaongeza pumzi.

Selestini alikuwa mbele yangu upande wa pili wa duara. Mpiga paipu hawezi kusema akiwa kazini, mdomo umejaa bomba, ana nyusi tu. Zake kwanza zilishangaa. Kisha zikaniomba. Niliziona zinaniomba, sitasema sikuziona, alikuwa ananisihi kwa nyusi niache kupuliza, ningeacha tu pale mfuko ungelala na mabomba yangenyamaza na huenda tungeponea chupuchupu. Nikaangalia juu, kwenye mawingu.

Tukaingia kwenye wimbo wa polepole, ule wa huzuni ambao Selestini alikuwa amewafundisha miezi mitatu. Mwamuzi mmoja, mzee mrefu wa kofia, akasimama nyuma yangu kabisa, kalamu mkononi. Na mfuko wangu ulikuwa umejaa mno, kwa sababu nilikuwa napuliza kwa hasira. Kizibo cha besi kikatoka. Po! Kama soda. Kikampiga yule mwamuzi kwenye ukingo wa kofia, kikaanguka kwenye majani, na lile bomba refu lililokuwa kimya likaamka katikati ya wimbo wa huzuni na kunguruma. Sauti ile siwezi kuieleza. Kuna kijana mmoja kwenye umati aliieleza vizuri zaidi, akapaza sauti uwanja mzima ukasikia:

"Eish! Mwiteni daktari wa mifugo, ng'ombe wa madala anazaa!"

Mwamuzi akainama, akaokota kizibo, akakigeuza kwenye mwanga, akakitia mfukoni, akaandika. Aliandika muda mrefu sana.

Hapo ndipo masikio yangu yalipofunguka, na hofu ikanishika, na mtu akiwa na hofu anabana vitu. Nikabana mfuko. Wimbo ukaisha, Selestini akatoa ishara, wote wakakata pamoja, safi kama mkasi, ukimya ukaanguka, na ndani ya ukimya huo mabomba yangu matatu yakaendelea. Peke yao. Mooooo. Nikapiga mfuko ngumi, yakaongeza. Ilikuwa labda sekunde tano, lakini niliwahi kulinda maghala usiku wa baridi ya Julai uliokuwa mfupi kuliko zile sekunde. Kisha yakafa kwa mlio kama wa mtu anayekata roho na deni la maneno. Uwanja ukalipuka kwa kicheko, hata bendi nyingine, hata mwuza aiskrimu.

Mngedhani aibu yenyewe ni hiyo. Hiyo nimeshaizoea, watoto wa mtaani kwangu mpaka leo wakiniona wanalia mooo, nami nawapungia mkono. Aibu yenyewe ilikuja jioni karibu na basi letu, matokeo yalipotangazwa.

Tulikuwa wa mwisho.

Meja Sipho akatukusanya. Hakupiga kelele. "Nani alimziba huyu?"

"Ni miye," akasema Selestini.

Meja akanigeukia. "Madala, imekuwaje?"

Wote wananitazama, Salome na beseni lake kiunoni ananitazama. Nilikuwa na nafasi ya pili ya kusema neno fupi. Nikasema, "Uzi wake ulikatika. Na vizibo hakuvikaza. Fundi alifanya kazi haraka haraka, si mnajua mafundi."

Selestini alikuwa ameshika filimbi yangu, ameichomoa, anaangalia utete kwa karibu namna anavyoangaliaga pindo la nguo. Kisha akasema, "Ndiyo, Meja. Ni kazi yangu mbaya. Pardon kwa wote."

"Kiongozi anayeshindwa kufunga uzi," Meja akasema, akaacha pale pale, akanyoosha mkono. Selestini akavua ule mkanda wa kijani, akaukunja vizuri mara nne kama nguo ya mteja, akampa.

Watu walipopanda basi akanisogelea. Kwenye kiganja chake kulikuwa na kipande cha uzi mwekundu.

"Mwalimu, uzi ukikatika wenyewe unaacha manyoya. Angalia huu. Hauna. Huu umekatwa na chuma."

Funguo zangu zilikuwa zinaning'inia kwenye mkoba wa mbele ya sketi, na kikata kucha juu yao kinang'aa. Akakiangalia. Nikauliza swali la kijinga kuliko yote niliyowahi kuuliza maishani. "Mbona hukusema?"

"Shikamoo nimekupa miaka tisa," akasema. "Siwezi kuichukua tena mbele ya watu."

Tukarudi nyumbani. Tulipita uwanja wa farasi wa Turffontein, tukasimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, nyekundu, ndefu, na Salome, ambaye hakuwa ameambiwa kitu na mtu yeyote, akasema bila kugeuka, "Ni wewe, Gervas, siyo?" Nikageukia dirisha. Akasema, "Basi kesho utaenda kusema." Sikwenda kesho. Nilikwenda baada ya wiki tatu, Jumamosi, Observatory, nikasimama mbele ya bendi nzima nikaeleza kila kitu, choo, kikata kucha, nyusi, yote. Walinisikiliza. Alikuwepo Meja mpya, mtu wa Pretoria, kamati ilikuwa imeshamleta, na mkanda wa kijani ulikuwa begani kwake. Sipho akanipeleka pembeni. "Madala," akasema, "ungesema siku ile, mkanda ningemrudishia papo hapo. Leo nimwambie nini huyu?"

Kutoka hapo nikaenda kibandani kwa Selestini. Alikuwa anampima mama mmoja mabega, pini mdomoni. Alipomaliza akaniwekea kiti. Nikamwomba msamaha, nikalia hata, mzee mzima kati ya magauni. Akasema alishanisamehe siku ile ile kwenye basi, na nadhani ni kweli, maana hajui kusema uongo. Nikamwuliza paipu yake iko wapi, sikuiona kwenye msumari wake. Akasema aliiuza, hana hamu tena, kila akiweka mdomo anasikia watu wanacheka. Kisha akasimama kunisindikiza mlangoni.

"Karibu tena, mzee," akasema.

Mzee. Si Mwalimu. Na shikamoo hakuitoa.

Kikata kucha nilikitupa, sasa natumia mkasi wa Salome, na nimeapa kwamba mtu akiniomba jambo nisiloliweza kwa moyo nitasema hapana hata mbele ya askofu. Lakini hicho ni kiapo cha mtu ambaye haombwi tena kitu. Bendi nimeacha. Jumapili baada ya ibada nakaa kibarazani, kiti cha pili kipo, hakuna anayekikalia. Nilimfundisha mtu mmoja tu paipu katika maisha yangu, akawa bora kuliko mimi, na sasa hapigi, na sababu ni mimi. Ile ndiyo yangu ilinigharimu Selestini. Sikuwa na rafiki mwingine.